Redio, Leza na Joto: Ufundi wa Bujumbura Tangu 1960

Ufundi wa redio mjini Bujumbura umekua sambamba na utangazaji wenyewe. Redio ya taifa ilianza mwaka 1960, mji ukiitwa bado Usumbura na Wabelgiji wakiwa bado watawala. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1962, Burundi ikapata uhuru. Kadiri redio zilivyoingia majumbani ndivyo walivyohitajika watu wa kuzifungua zinaponyamaza. Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao barabara zake hutajwa kwa namba, ulijipatia sifa ya mtaa wa mafundi. Waliotangulia kuvuma ni mafundi wa magari, na ufundi wa vitu vya umeme ukapata nafasi kando yao.

Tangu mwanzo, tatizo kubwa la kazi hii lilikuwa joto. Redio ya valvu haikufanya kazi bila joto: ndani ya kila valvu waya mwembamba ulipashwa mpaka ukawaka, na saketi ilibeba mamia ya volti. Kifuniko cha nyuma kilitobolewa matundu ili hewa ipite. Redio iliyosukumwa hadi ukutani, katika mji wa joto ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ilikosa pumzi. Kapasita zake zilikauka kabla ya wakati, na mngurumo ukaifunika sauti ya mtangazaji.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilipunguza joto lakini ikaleta hatari ya aina nyingine. Transista za kwanza zilitengenezwa kwa jerimani, na mkondo unaovuja ndani yake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Mkondo ukizidi, joto huzidi; joto likizidi, mkondo huzidi tena, mpaka transista inajiua yenyewe. Silikoni ilipoichukua nafasi ya jerimani hatari hiyo ilipungua sana, ila haikwisha. Hapo ndipo fundi makini alipotofautiana na fundi wa kubahatisha. Anayebadilisha kilichoungua bila kujua kilichokiunguza hana budi kukibadilisha tena.

Umeme wa mji uliongeza mzigo. Shirika la maji na umeme la Regideso lilitegemea kwa muda mrefu umeme wa maporomoko ya mto Rusizi, na mwaka 1986 kituo cha umeme cha Rwegura, chenye uwezo wa megawati 18, kiliongezwa. Hata hivyo umeme uliendelea kukatika, na kila unaporudi kwa kishindo, transfoma na vidhibiti volti ndivyo hupigwa kwanza. Kisha vikaja vikwazo vya biashara vya nchi jirani, kuanzia mwisho wa Julai 1996 hadi Januari 1999, baada ya mwanajeshi Pierre Buyoya kutwaa madaraka ya nchi. Njia ya bidhaa ya Dar es Salaam na Kigoma ilipobanwa, kifaa kibovu kikawa na thamani kubwa kwa sababu ya vipuri vilivyomo.

Deki za VCD na DVD zilileta leza mezani kwa fundi. Leza ya kusomea CD hutoa mwanga wa nanomita 780, ambao jicho halioni vizuri. Ya DVD hutoa mwekundu wa nanomita 650. Diodi ya leza haitaki volti nyingi, inataka mkondo uliopimwa, na saketi inayoiendesha ndiyo yenye kazi ngumu. Ndani ya deki, diodi ndogo ya kupima mwanga huiarifu saketi hiyo kila leza inapofifia, nayo huongeza mkondo. Leza iliyozeeka au iliyopata joto hutoa mwanga mdogo, hivyo huongezewa mkondo, hivyo hupata joto zaidi. Ugonjwa wa jerimani umerudi kwa jina jingine.

Kosa linaloua leza nyingi ni kuizungusha skrubu ndogo ya rezista iliyo kando ya kichwa cha leza ili mwanga uzidi. Diski husoma kwa muda, halafu leza hufa kabisa. Mara nyingi lenzi ilikuwa na vumbi tu, na pamba yenye spiriti ingetosha. Hali kadhalika chipu inayoendesha mota na koili za lenzi: ikiungua, chanzo mara nyingi ni reli iliyokauka grisi, mota iliyochoka au koili yenye shoti. Chipu inalipa deni la wengine.

Kwa anayejiundia leza ndogo, shida ya joto ni ileile. Chukua leza inayohitaji volti 2.2 na mkondo wa ampea 0.2, ikiendeshwa na kidhibiti cha kawaida kama LM317 kilichounganishwa kudhibiti mkondo, kutoka betri ya volti 12. Volti 9.8 zinazobaki, zikizidishwa kwa 0.2, ni karibu wati 2 za joto tupu, na nyingi huangukia kidhibiti chenyewe. Bila bati la kupozea, kitaunguza kidole. Chanzo kikishushwa hadi volti 6, joto hilo hubaki kama robo tatu ya wati. Kwa hiyo vipimo huanza kwenye volti za kuingia, kisha mkondo kamili wa leza, kisha mguso wa kidhibiti na bati lake pamoja na hali ya grisi ya kupozea. Kubadilisha chipu huja mwisho.

Katika vipimo vyote hivyo leza ielekezwe ukutani au kwenye sehemu isiyong'aa, mbali na watu, na isitazamwe kamwe machoni, hata inapoonekana haiwaki. Mwanga wa nanomita 780 huunguza retina bila kuuma, na retina iliyoungua haitengenezwi na fundi yeyote.