Kambi Muru: Ardhi ya Askari Wasiopewa Hati
Safari za Wazungu kutafuta chanzo cha mto Nile, zilizomfikisha Mwingereza Speke kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1858, ziligeuka kuwa mbio za kutawala. Uingereza ilitaka kuushika mto unaoinywesha Misri, maana mfereji wa Suez, ulioko Misri, ndio uliokuwa njia yake ya India. Mwaka 1891, karibu na Ziwa Albert, Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya gavana wao, Emin Pasha, kuondoka. Wengi walikuwa wameingizwa jeshini kwa nguvu tangu mwanzo. Kwa bunduki za askari hao Waingereza waliitiisha Uganda, na mwaka 1902 askari hao wakaingizwa katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles).

Wastaafu wao waliletwa kwenye msitu wa Kibera, Nairobi, ilipo Kambi Muru, jirani na malisho ya Wamaasai. Mwaka 1918 ekari 4,197 za hapo zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Askari alipewa kibali cha kukaa na kulima: karatasi tu, si hati ya kumiliki. Hiyo ilikuwa dhuluma, na wajukuu wao waliirithi. Wanubi, kama wanavyoitwa wazao wa askari hao, walidai ardhi vizazi kwa vizazi. Mwaka 2017 jamii yao ilipata hati ya ekari 288.