Mtoto wa Chatu Anayekataa Kula: Hukmu Yake na Namna ya Kumsaidia

SWALI:

Mimi ni mama wa Kizanzibari, tunaishi Uingereza. Mwanangu wa miaka 14 alipewa na rafiki yake wa skuli mtoto wa chatu pamoja na sanduku lake la kioo. Wiki ya tano hii hajala kitu, akiguswa hujikunja kama mpira, na amekonda mpaka mgongo umetoka. Baba yake anasema nyoka hafugwi katika Uislamu, basi aachwe afe tupumzike. Mtoto analia. Je, tunapata dhambi akifa? Na kama inatupasa kumlisha, tumlishe vipi naye hataki?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Swali lako limekusanya mambo mawili ambayo mumeo ameyafanya moja. Kuna hukmu ya kumfuga nyoka, na kuna hukmu ya kumwacha na njaa nyoka ambaye tayari mmeshamfungia. Katika la kwanza mumeo yuko karibu na haki. Katika la pili amekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Ama kumfuga, madhehebu yetu ya Shafi yanasema kwamba wanyama ambao sharia imeamrisha wauawe kwa sababu ya madhara yao hawafugwi, na Imamu Zarkashi amemtaja nyoka miongoni mwao pamoja na nge, panya na mwewe. Wako wanazuoni wa zama hizi wanaoona kwamba nyoka asiye na sumu, aliyezaliwa mikononi mwa watu, haingii humo kwa kuwa sababu ya katazo ni madhara. Mimi naelemea kauli ya mwanzo. Nasaha yangu ni kwamba chatu huyu hatimaye atoke nyumbani kwenu, apewe mtu au taasisi inayojua kumtunza.

Lakini kutoka nyumbani si kufa ndani ya kioo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Angalieni sababu iliyotajwa. Ni kufunga na kunyima kwa pamoja. Nyoka wa porini akilala njaa hana wa kumdai. Huyu aliyemo ndani ya sanduku lenye kifuniko, riziki yake imepitishwa mikononi mwenu, mlimtaka msimtake. Na Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita kwa ngamia ambaye tumbo lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawataka watu wamche Allaah kwa ajili ya wanyama hawa wasioweza kusema.

Mumeo atasema: mbona kuua nyoka kumeruhusiwa? Kumeruhusiwa, ndiyo, lakini hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Muslim inaamrisha wema hata katika kuua. Njaa ya wiki nyingi siyo kuua, ni kuadhibu. Wala msimtoe nje mkadhani mmemwacha huru. Huyo ni mnyama wa nchi za joto, na usiku mmoja wa baridi ya huko utammaliza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 ya Uingereza nayo inamwajibisha anayemiliki mnyama kumpatia chakula na makazi yanayomfaa.

Sasa tuje kwake mwenyewe. Mimi si daktari wa mifugo. Haya nimeyauliza kwa wanaoyajua kabla ya kuyaandika. Kwa maelezo yako, yaelekea huyu ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayepatikana Ghana, Togo na Benin, anayefugwa sana Ulaya. Hana sumu, na mkubwa wake kwa kawaida hazidi mita moja na nusu. Ni mnyama maarufu kwa kugoma kula. Mkubwa mwenye mafuta anaweza kukaa miezi bila kula asidhurike. Mtoto hana akiba hiyo, kwa hivyo wiki tano na mgongo kutoka si jambo la kusubiri.

Watu wengi hukimbilia mdomo wake, ilhali tatizo mara nyingi liko katika nyumba yake. Nyoka hana joto la kujitengenezea mwilini kama sisi. Analichukua pale anapolala. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi joto 30 hadi 32, na upande wa pili 24 hadi 26, ili achague mwenyewe. Msikisie kwa mkono. Wekeni kipimajoto kila upande, na kifaa cha kupasha joto kiwe na kidhibiti chake, maana kisichodhibitiwa humuunguza. Chatu mwenye baridi hataki kula, na akila chakula hakisagiki, kinaozea tumboni kisha anakitapika, na hapo anadhoofika kuliko mwanzo.

La pili ni hofu. Sanduku kubwa la kioo linalopendeza sebuleni, kwake ni uwanja usio na pa kujificha. Mpeni vijipango viwili, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi, vidogo kiasi cha kumbana, kwani huhisi salama mwili wake ukigusa kuta. Hata kopo la plastiki lililokatwa mlango linatosha. Funikeni kioo kwa karatasi pande tatu. Bakuli la maji lisikosekane, na hewa ya ndani isiwe kavu kabisa; unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unamfaa.

Kisha mwambieni kijana asimguse kwa wiki nzima. Najua hili litakuwa zito kwake. Huenda kila akirudi skuli humtoa akamweka begani, akidhani anamliwaza. Nyoka haliwaziki kwa kushikwa, na huyu mgonjwa kila akishikwa anazidi kuogopa.

Kama ngozi imekunjamana na macho yamebonyea, amekauka maji. Kabla ya kumwacha apumzike, muwekeni mara moja ndani ya chombo chenye maji ya vuguvugu yasiyofika nusu ya kimo cha mwili wake, kwa dakika 15 au 20, na mtu awe amekaa naye. Siku hiyo hiyo mpimeni uzito kwa mizani ndogo ambayo haitarudi tena jikoni, na muuandike. Anayeanguliwa huwa na takriban gramu 50 hadi 80. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpelekeni kwa daktari anayetibu wanyama wa aina hii, kwani si kila daktari wa paka na mbwa anawajua.

Mwulizeni pia yule rafiki aliyempa: alikuwa akila nini? Panya wa aina gani, hai au aliyekufa, na lini mara ya mwisho? Chatu aliyezoea panya mdogo wa nyumbani anaweza asimtambue panya wa aina nyengine kuwa ni chakula. Na yawezekana mkagundua kuwa hajala hata siku moja tangu kuanguliwa.

Msimtilie panya hai. Mnamtesa panya bila haja, na panya akikutana na nyoka dhaifu humng'ata yeye. Huko wanauzwa panya waliogandishwa. Hapa mtauliza, mzoga unauzwa? Hauuzwi, na hadithi ya Jabir juu ya hilo ni mashuhuri. Lakini mafakihi wetu wa Kishafi wametaja njia katika vitu najisi vyenye manufaa, nayo ni kuondoa mkono: unamlipa aliyenacho ili aachie haki yake ya kukishika, siyo thamani ya kitu chenyewe. Wekeni nia hiyo. Ama kumlisha mnyama mzoga, hakuna tatizo.

Chagueni panya mchanga, mwembamba kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka, maana tumbo lililokaa tupu muda mrefu huanzishwa kwa kidogo. Ayeyuke barafu ndani ya friji usiku kucha, kisha atiwe kwenye mfuko wa plastiki na kuzamishwa katika maji ya moto kwa dakika kumi mpaka awe na joto la mwili ulio hai. Maikrowevu haifai kabisa. Chatu huyu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, kwa hivyo panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Mkausheni, mumpe usiku taa zikiwa chini, kwa kibanio kirefu, mkimtikisa kidogo mbele ya mlango wa maficho. Akikataa, muacheni hapo mpaka asubuhi kisha mtupeni. Jaribuni tena baada ya siku tano hadi saba, si kila siku. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, anakaribia kujivua gamba, subirini amalize. Na akila, asiguswe kwa siku mbili.

Kumbana mdomo na kumsukumia chakula kwa nguvu msijaribu nyumbani. Koo lake huchanika, au chakula kikaingia njia ya hewa. Hilo ni la daktari. Na muoneni haraka, bila kungoja siku zozote, akipumua mdomo wazi, akitoa mapovu, mdomo ukivimba au kutoa usaha, akionekana na vidudu vidogo vinavyotembea baina ya magamba, au akitapika.

Kuhusu twahara, nyoka aliye hai si najisi kwetu, bali kinyesi chake ni najisi, na nguo iliyoguswa nacho haiswaliwi mpaka ioshwe. Afya nayo inadai hivyo hivyo, kwani wanyama watambaao hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, vyombo vyake visioshewe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimkaribie.

Akishakula mara tatu au nne mfululizo na uzito ukapanda, hapo mtafutieni pa kwenda. Na kama daktari atasema hapana tamaa tena, basi kumwachia daktari ammalize kwa sindano isiyomtesa hakuna dhambi juu yenu.

Kwa mumeo, namwomba akae na kijana wakati wa kupima uzito. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuuliza mtoto mdogo, Abu 'Umayr, habari za kindege chake kilichokufa, wala hakumwona mpuuzi kwa huzuni yake. Kijana ataipokea hukmu ya kumtoa nyoka akiisikia kwa baba aliyemsaidia kumwokoa.

Na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, haya yasiwe ruhusa kwa watoto kuokota nyoka mashambani kwa sababu wameona mambo kwenye simu. Mtoto wa fira ana sumu tangu siku anayoanguliwa. Na wale wanaomwekea nyoka maziwa na mayai kwa itikadi kwamba ni mwenyewe wa nyumba, hilo ni suala la 'Aqiyda, nalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Tutaliandikia makala yake in shaa Allaah.

Na Allaah Anajua zaidi.