Tope la Ukambani, Ndege wa Sabaki

Kitui imebanwa kati ya mito miwili mikubwa kuliko yote nchini Kenya. Kaskazini kuna Tana. Magharibi kuna Athi, unaoitenga kaunti hiyo na Machakos na Makueni. Zombe, soko la Kitui Mashariki lisilo mbali na vilima vya Mutitu, liko upande wa Tana: mto wake, Thua, huelekea mashariki na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ng'ambo ya pili ya Kitui, pamoja na Makueni karibu yote, maji hushuka kwenye Athi. Mto huo ukishapokea maji ya Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini mwa Malindi. Mto Tiva peke yake haufiki popote. Hupotelea katika mchanga wa Tsavo Mashariki.

Milango ya mito hiyo miwili mikubwa, Kipini kwa Tana na Sabaki kwa Athi, inajulikana kwa ndege wahamaji wa majini. Waandishi wengi huielezea kana kwamba ni mali ya pwani peke yake, wakihesabu mikoko, hoteli, wavuvi na viwanda vya chumvi. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo umeishia njiani. Kinacholisha ndege hao ni tope, na tope hutoka bara. Mkulima wa Mbooni anayechimba matuta, mchimbaji mchanga wa Makueni na mhandisi wa bwawa wote wanaamua habari za ndege, hata kama hakuna kati yao aliyewahi kuwaona.

Maji yakikupwa Sabaki, hasa siku za bamvua, hubaki uwanda mpana wa tope linaloteleza na mafungu ya mchanga yanayobadilisha umbo kila mwaka. Hapo hushuka vitwitwi wa aina nyingi, na mmoja wao anafaa kutazamwa kwa karibu: yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea. Huenda akidunga tope haraka haraka kama cherehani, kichwa chini, bila kuinua macho. Ncha ya mdomo wake imejaa neva zinazohisi mnyoo au kikaa kidogo asichokiona. Tope likiwa laini, mdomo huzama wote. Likizidi mchanga, kudunga ni taabu, na hata minyoo yenyewe ni haba, kwa kuwa mchanga hauhifadhi mabaki ya mimea na viumbe yanayoilisha. Tofauti ya ukubwa wa chembe ambayo mtu aliyesimama ufukweni haioni ndiyo inayoamua kama ndege atashiba kabla maji hayajajaa tena.

Ndege huyo huzalia tundra ya Siberia, katika rasi ya Taimyr na maeneo jirani, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Malindi. Kwa kawaida ana gramu 50 na ushee. Kabla ya kuondoka, Aprili au Mei, anaweza kufikia gramu 80, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta ya safari. Mwaka 2024 alipandishwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, pamoja na ndege wengine kadhaa wa fukwe.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba ndege hao wakishaondoka, mlango wa mto hauna kazi hadi Agosti. Wengi wa makinda wa mwaka wa kwanza hawaondoki. Hubaki pwani ya Afrika Mashariki wenzao wakienda kuzaa. Na kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, Sabaki hupokea wageni kutoka upande wa pili: Glareola ocularis, ndege wa Madagaska mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambaye hukusanyika hapo kwa maelfu. Ongeza buabua wanaolala kwenye mafungu ya mchanga na heroe wanaokuja na kuondoka. Sababu hizo zilitosha kuiingiza Sabaki katika orodha ya maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini Kenya, iliyochapishwa na Leon Bennun na Peter Njoroge mwaka 1999.

Kuna wanaosema kwamba ndege ana mabawa: pakiharibika hapa ataruka aende pale. Jibu limeshapatikana Korea Kusini. Mwaka 2006 ukuta wa kilomita 33 ulifungwa mbele ya ghuba ya Saemangeum, na uwanda mkubwa wa tope ukakatwa na bahari. Vitwitwi wa aina ya Calidris tenuirostris, waliokuwa wakitua hapo kwa makumi ya maelfu, hawakuonekana kuhamia ghuba za jirani kwa idadi hiyo. Walipungua hata Australia wanakokwenda kuikimbia baridi ya kaskazini. Maeneo mengine yalikuwa tayari na wenyewe. Pwani ya Kenya hali si tofauti. Hori la Mida, kusini mwa Malindi, ni maarufu kwa Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mla kaa ambaye huchimba shimo la kutagia katika visiwa vya mchanga vya Oman, Imarati na Iran. Lakini Mida halina mto mkubwa unaoingia ndani yake. Tope lake na la Sabaki ni vitu viwili, na ndege wanalijua hilo.

Tope la Sabaki lina historia, na historia hiyo imeandikwa katika matumbawe. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300. Matumbawe hukua kwa tabaka kama pete za mti, na kila tabaka hubeba alama za kemikali za udongo ulioletwa na mto. Kwa muda mrefu alama hizo zilikuwa za chini. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaanza kupanda kwa kasi. Huo ndio wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwabana Wakamba katika eneo dogo la akiba, huku mashamba ya walowezi yakichukua malisho yao.

Serikali hiyohiyo baadaye iliwalaumu kwa udongo uliokuwa ukienda. Mwaka 1938 ilikamata ng'ombe wao kwa nguvu ili kupunguza mifugo, na Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, aliyefungiwa Lamu kwa ujasiri wake. Kilichofuata miongo mingi baadaye hakikutarajiwa na wataalamu. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, iliongeza watu mara kadhaa tangu miaka ya 1930 na wakati huohuo ikapunguza mmomonyoko. Matuta ya mashamba, mengi yakichimbwa na vikundi vya kina mama, yalifanya kilichoshindikana kwa amri.

Hapa ndipo hoja inapokuwa ngumu. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, inaumizwa na udongo wa Sabaki. Kila mafuriko makubwa yanapotokea, bahari hugeuka kahawia na matumbawe hufunikwa. Mtetezi wa matumbawe angependa mto uje msafi. Mtetezi wa ndege hawezi kupenda hivyo, kwa sababu mto msafi ungekuwa mto usio na uwanda wa tope. Mikoko ya Sabaki nayo imeota juu ya udongo huohuo ulioletwa na mmomonyoko. Uharibifu wa nchi kavu umejenga makazi mlangoni mwa mto, na anayedai kwamba uhifadhi wa udongo juu ni faida tupu kwa kila kiumbe cha chini hajaitazama Sabaki vizuri. Swali la maana ni tope la aina gani, kwa kiasi gani, na wakati gani.

Mabwawa ya mchanga ya Kitui yanatoa jibu la sehemu ya swali hilo. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limeshirikiana na wanakijiji kujenga mamia ya kuta fupi za mawe na saruji juu ya miamba ya mito ya msimu. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, maji hujificha kati ya chembe zake bila kukaushwa na jua, na watu huyachota miezi mingi baadaye. Lakini ukuta haukamati kila kitu. Udongo mwepesi wa mfinyanzi, unaoelea majini, huvuka juu ya ukuta pamoja na mafuriko. Na kama wajenzi wake wanavyojua, bwawa la mchanga lililokamata mfinyanzi mwingi ni bwawa lililoharibika, kwa kuwa mfinyanzi hauachilii maji. Kwa hiyo chombo hiki hubakiza bara kile ambacho mkulima anakihitaji, na huruhusu kishuke kile ambacho kitwitwi anakihitaji. Haikupangwa hivyo, ndivyo fizikia ya maji inavyofanya kazi.

Bwawa la Thwake ni jambo lingine kabisa.

Ujenzi wake ulianza 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, mahali mto Thwake unapokutana na Athi. Ukuta una kimo cha mita 80 hivi na ziwa limepangwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Hakuna mtu wa Makueni anayehitaji kuelezwa faida ya maji, na si haki kumwomba mwenye kiu asubiri kwa ajili ya ndege. Ila ziwa la ukubwa huo hutuliza maji kiasi kwamba hata mfinyanzi mwepesi huzama. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, ufuko wa Mto Nile karibu na Rashid uliendelea kuliwa na bahari kwa sababu tope la kuujaza halikufika tena. Tana nayo ina mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, na mafuriko yaliyokuwa yakinywesha delta yake yamepungua nguvu. Hiyo ni delta ambako spishi 22 za ndege wa majini zimeonekana kwa idadi inayofikia asilimia moja ya jamii yao, kipimo kinachotumiwa na Mkataba wa Ramsar. Delta ya Tana iliingizwa katika mkataba huo mwaka 2012, hekta 163,600. Mabwawa yalikuwa yameitangulia kwa miongo.

Sabaki haimo katika orodha hiyo ya Ramsar, na hata ingekuwamo, mpaka wa hifadhi usingefika Thwake. Kisiasa mto umekatwa vipande: Machakos, Makueni na Kitui zina umoja wao wa kiuchumi wa kusini-mashariki, Kilifi iko katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na kati yao kuna mbuga ya Tsavo. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 baada ya malori ya ujenzi wa Nairobi kukausha mito yake, nayo ni miongoni mwa sheria chache za kaunti zinazoutazama mto kama kitu chenye mwisho. Hata hivyo, inazungumzia mchanga, si tope. Njiani kuna wengine wanaochota: visima vya Baricho vinavyopeleka maji Malindi hadi Mombasa, na mashamba ya Galana-Kulalu. Mlango wa mto hupata kilichobaki, pamoja na majitaka ya Nairobi, ambayo ni sehemu ya maji ya Athi wakati wa kiangazi.

Linaloweza kufanyika si kubwa mno. Sehemu kubwa ya tope la mwaka hupita katika siku chache za mafuriko ya vuli na masika, na majira hayo yanalingana na kalenda ya ndege: Novemba wengi wameshafika na wamechoka, Aprili wananenepa ili waondoke. Ratiba ya Thwake inaweza kuandikwa ili baadhi ya mafuriko ya miezi hiyo yapitishwe na tope lake badala ya kuzuiliwa yote, na kiasi hicho kiingizwe katika maji ya akiba ambayo Sheria ya Maji ya 2016 inataka yaachwe mtoni. Kipimo cha tope kinaweza kuwekwa darajani pale barabara ya Kibwezi kwenda Kitui inapovuka Athi, na takwimu zake zikawekwa kando ya hesabu ya ndege ya kila Januari. Chuo Kikuu cha Kusini-Mashariki mwa Kenya kiko Kitui na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Kazi hiyo ingefaa wanafunzi wa vyuo vyote viwili. Ingefaa zaidi ikianza kabla ziwa halijajaa, kwa kuwa baada ya hapo hakutakuwa na mto wa zamani wa kulinganisha nao.