Kutoka Vitani hadi Kiwandani: Chimbuko la Michezo ya Uigaji katika Kuwafunza Viongozi

Aghalabu historia ya michezo ya uigaji inayotumiwa kuwafunza viongozi wa kazi huanziwa Marekani katika miaka ya 1950, wakurugenzi walipoanza kushindana katika mchezo uliokokotolewa kwa kompyuta. Makala hii inadai kuwa chimbuko lake ni la mapema zaidi, na kwamba kilichouingiza mchezo huo kiwandani ni mabadiliko ya kazi, wala si kompyuta.

Mzizi wake ni wa kijeshi. Mwaka 1824, afisa wa mizinga wa Prusia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Vikosi viliwakilishwa na vipande vya risasi, makamanda walitoa amri, na mwamuzi akakokotoa matokeo kwa kutumia dadu. Kamanda alijua yale tu ambayo angeweza kuyajua vitani. Hivyo alijifunza kuamua huku mengi yakiwa yamefichika.

Mwaka 1932, mjini Leningrad, Maria Birshtein aliihamishia mbinu hiyo viwandani. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano. Viwanda viliongezeka kwa kasi kuliko wasimamizi wenye uzoefu. Mchezo wake, uliohusu kiwanda cha taipureta, uliwataka washiriki kupanga upya uzalishaji baada ya mpango wa kazi kubadilika ghafla. Kosa lililofanywa mezani halikusimamisha mtambo wowote. Hata hivyo, kazi hiyo ilikatizwa kabla ya miaka ya 1930 kwisha, na kwa muda mrefu haikujulikana Magharibi.

Ndiyo maana Chama cha Usimamizi cha Marekani kilipoanzisha mchezo wake mnamo 1956 na 1957, kilichota kutoka chemchemi ileile ya kijeshi, yaani michezo ya vita ya wanamaji. Timu ziligombea soko, na kompyuta ikatoa hesabu za faida na hasara.

Ulinganisho huu unafichua pengo. Askari wa Reisswitz alikuwa kipande cha risasi. Mfanyakazi katika mchezo wa Marekani alikuwa sehemu ya gharama. Kipande hakiulizi kwa nini kinahamishwa, na tarakimu haihofii kupoteza ajira. Kiongozi aliyezoea kuhamisha vitu visivyosema huenda akashangaa watu wake wanaponung'unika, ilhali mabadiliko mengi hukwamia hapo.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mchezo wa uigaji humpa kiongozi nafasi ya kukosea bila kuumiza mtu. Faida hiyo hutimia pale tu wachezaji wanapoketi baadaye kujadili walichoamua, na anayebeba mzigo wa mabadiliko anapopewa kiti na kauli katika mjadala huo.