Pombe ndiyo Iliyolipia Ofisi

Nashona nguo Durban, kwenye mtaa ambao wazee bado wanauita Grey Street ingawa kibao kinasema Dr Yusuf Dadoo. Wateja wangu wakianza kuilaumu halmashauri kwa maji na takataka, huwa nawarudisha kwanza kwenye pombe.

Mwaka 1908 sheria ya Natal iliziruhusu halmashauri za miji kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban iliichangamkia. Faida ikawekwa kwenye mfuko wa kusimamia Waafrika: mabweni, polisi, makarani. Kuli wa bandarini alipokunywa baada ya kazi, alikuwa analipia ofisi iliyomtawala. Ndani ya jumba la jiji lililofunguliwa 1910, lile lililoigwa kutoka Belfast, hakuwa na diwani wa kumsemea. Wahindi nao, waliokuwa na kura chache, walifungiwa uandikishaji mpya kwa sheria ya 1924.

Mwaka 1929 A. W. G. Champion na chama chake cha wafanyakazi walisusia vilabu vya pombe vya halmashauri. Damu ilimwagika. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya ushauri ya Waafrika. Ushauri tu! Wajumbe waliruhusiwa kusema, na halmashauri iliruhusiwa kutowasikia. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo jiji hili lilipojifunza tabia ambayo halijaiacha vizuri hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kamati ya halmashauri yenyewe ilichora ramani ya kuligawa jiji kwa rangi za watu. Wazanzibari wa Kings Rest, wajukuu wa watumwa waliokombolewa baharini na kushushwa hapa kuanzia 1873, walijikuta wamehamishiwa Chatsworth. Na Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, waliobomolewa vibanda na kumwagiwa pombe yao na polisi, walivamia vilabu vya halmashauri kwa fimbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yao kwa madiwani, na kila mtu mjini aliielewa.

Katiba ya 1996 ililazimisha mabaraza kufanya shughuli zake wazi. Sheria za 1998 na 2000 zikaleta kamati za kata, zisizozidi wajumbe kumi na mwenyekiti wake akiwa diwani, pamoja na haki ya wananchi kuchangia bajeti. Mambo mazuri, nayakubali. Lakini mwenyekiti ni diwani yuleyule anayelalamikiwa. Fundi hakagui mshono wake mwenyewe.

Machi 2005 watu wa vibanda vya Kennedy Road walikuwa tayari wamekaa vikaoni, wameahidiwa ardhi ya jirani wajengewe nyumba. Siku moja wakaona matingatinga yanachimba pale pale. Ardhi ilikuwa imekwenda kwa kiwanda cha matofali. Wakafunga barabara kwa matairi yanayowaka, na mwaka uleule wakaanzisha vuguvugu lao la watu wa vibanda, Abahlali baseMjondolo.