Mlozi, Sultani wa Konde

Mlozi bin Kazbadema hakuwa mtu wa Nyasa. Aliingia kwa njia ya pembe za ndovu kutoka Usenga, bonde la Luangwa. Katikati ya miaka ya 1880 alikuwa amekwisha kujenga ngome yake Mpata, mwendo wa saa chache magharibi ya Karonga. Alikuwa na bunduki, alikuwa na rugaruga, wapiganaji wake wenye silaha, na jirani zake katika ngome nyingine walikuwa wenzake wa biashara, Kopakopa na Msalema. Vitabu vya Waingereza humwita Mwarabu, kama walivyomwita karibu kila mwenye kanzu na bunduki wa bara. Kwa lugha, dini na biashara alikuwa Mswahili, na kwa hiyo habari zake ni sehemu ya tarehe yetu, tukipenda tusipende.

Kilichomvuta Karonga ni duka. Kampuni ya Waskoti ya African Lakes, iliyoanzishwa mwaka 1878 na kusimamiwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir, ilikuwa na wakala wake pale, Low Monteith Fotheringham. Kampuni ilinunua pembe na kulipa kwa nguo na bidhaa nyingine zilizopanda kutoka Quelimane kwa mito ya Zambezi na Shire, kisha kwa meli ya Ilala hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Bidhaa zilichelewa. Wafanyabiashara wakakaa kungoja malipo, na aliyengoja na watu mia kadhaa wenye silaha alihitaji chakula, wanawake na wapagazi. Vyote hivyo vilikuwa vijijini mwa Wangonde, wenyeji wa Karonga. Wamisionari na wanajeshi walieleza vita vilivyofuata kuwa vita vya kukomesha utumwa, na ni kweli kwamba Mlozi alifanya biashara ya watu. Ila pembe zilizojaa ghala la Kampuni zilifika zimebebwa mabegani mwa watu haohao, na Fotheringham alizipokea bila kuuliza sana.

Ugomvi uliwaka katikati ya mwaka 1887, vijiji vikachomwa. Tarehe 27 Oktoba Wangonde waliokimbia walijificha kwenye matete ya bwawa la Kambwe, kando ya ziwa. Rugaruga wakayatia moto matete. Waliotoka walipigwa risasi, na waliozama ndani zaidi wakakutana na mamba. Baada ya siku hiyo Mlozi alijitangaza Sultani wa Konde.

Hapo ndipo watu wa Kyela, kaskazini mwa mto Songwe, wanapoingia katika hadithi hii. Konde ya wasafiri wa wakati ule haikuishia mto Songwe. Ilipanda hadi tambarare ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, penye migomba na ng'ombe, nchi ambayo Joseph Thomson aliipita mwaka 1879 akaisifu kwa usafi wa vijiji vyake. Wajerumani nao waliwaita Wanyakyusa, wenyeji wa huko, kwa jina la Konde hadi miaka mingi baadaye. Kwa maneno yake, basi, Mlozi alikuwa amejipa enzi juu ya kingo zote mbili za Songwe.

Kusini mwa mto palikuwa na kiti cha kunyang'anywa. Wangonde walikuwa na Kyungu, mtawala mwenye nasaba, aliyekaa kilima cha Mbande na aliyejua faida ya pembe tangu kabla ya Mlozi kuzaliwa. Kaskazini hapakuwa na kiti cha namna hiyo. Wanyakyusa walikuwa na malafyale, yaani machifu, wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo. Kila kizazi watoto wa malafyale walipokua walifanyiwa ubusoka, sherehe ya kuwatoa wawe watawala, nchi ikagawanywa tena. Vijana walijenga vijiji vyao wenyewe, mbali na baba zao. Lwembe wa Lubaga aliheshimiwa kwa matambiko, lakini si yeye aliyeamuru nani aende vitani. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930 kuandika habari za Wanyakyusa na Wangonde, walizikuta bado alama za mpangilio huo. Mtu angemshinda malafyale mmoja leo, na kesho yake angebaki na wengine kadhaa ambao hawakujiona wameshindwa.

Novemba 1887 Mlozi aliizingira Karonga. Wazungu wachache walikuwa ndani ya boma dogo pamoja na Wangonde waliokimbilia kwao. Waliovunja mzingiro huo walivuka Songwe kutoka kaskazini kwa maelfu, mikuki mikononi. Waingereza waliwaandika kwa jina la Wamwamba, nasi tungewaita Wanyakyusa. Mwezi uliofuata walikwenda na Wazungu kuishambulia Mpata yenyewe, wakapata walichopata, wakarudi nyumbani kwao. Wazungu walinung'unika kwamba washirika hao hawakukaa kumaliza kazi. Sioni sababu ya kuwalaumu. Hawakuwa jeshi la Kampuni, na Mlozi hakuwa tena na nguvu ya kuvuka mto.

Miaka miwili iliyofuata ni ya risasi nyingi na matokeo machache. Kapteni Frederick Lugard, ambaye baadaye angepata jina kubwa Uganda na Nigeria, alijeruhiwa mikono Juni 1888 akijaribu kuingia ngome ya Kopakopa. Mzinga ulioletwa mwaka 1889 ulitoboa miti na udongo wa ngome bila kuiangusha. Oktoba 1889 Harry Johnston, konseli wa Uingereza, alifika na mkataba wa amani, na Mlozi akaukubali.

Hapo angeweza kuiga mfano wa jirani. Kusini zaidi, Nkhotakota, ukoo wa Majumbe ulikuwa umetawala tangu miaka ya 1840. Nao pia walikuwa wafanyabiashara wa Kiswahili wenye watumwa, lakini walijifungamanisha na wenyeji, na mji wao ukawa mji wa Kiislamu unaosimama hadi leo. Mlozi alikaa ndani ya ngome. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliuchora mpaka wao kwa kuufuata Songwe, na usultani wake ukakatwa vipande viwili na watu ambao hawakuwahi kuutambua.

Mwisho ulikuja kwa meli. Novemba 1895 Johnston, akiwa amekwisha kumvunja Makanjira, chifu wa Wayao, upande wa kusini, alipakia zaidi ya askari mia nne, Masingasinga na Waafrika, akaelekea kaskazini. Sehemu ya jeshi hilo ilisafiri kwa Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya Songwe. Mpata ilipigwa mizinga mwanzoni mwa Desemba. Ilipoanguka, Mlozi alikutwa amejificha katika chumba cha chini ya nyumba yake. Johnston aliendesha kesi pamoja na wakuu wa Wangonde, shitaka likawa mauaji ya mateka. Hukumu ilitoka haraka na Mlozi akanyongwa Karonga. Mamia ya mateka waliachiwa.

Wajerumani walioazimisha meli hawakukaa kwa utulivu kwao. Mwishoni mwa 1897 Wanyakyusa na Wakinga waliwapiga vita karibu na ziwa, na bunduki ya rasharasha ikafanya siku hiyo kazi ambayo Mlozi hakuiweza. Waingereza walipoipokea Tanganyika walitaka kutawala kupitia machifu, wakakuta upande wa kusini, Nyasaland, Kyungu wa kushika. Upande wa Rungwe na Kyela walilazimika kushughulika na baraza la machifu kadhaa, kila mmoja na mahakama yake. Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Karonga bado ina Kyungu.