Takwimu za Taifa na Vitalu Vyetu vya Michungwa



Katika kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, haitoshi kusimulia mikutano tuliyofanya na miche tuliyouza. Yatupasa pia kueleza jinsi tulivyojifunza kuzisoma hesabu za taifa, maana kwa kutozisoma tulipata hasara.

Tulipoanza, sisi wenye vitalu vya michungwa, milimau na michenza pembezoni mwa Kinondoni na Temeke tulifanya kazi kwa kukisia. Msimu mmoja miche ilikuwa haba, wanunuzi wakarudi mikono mitupu. Msimu uliofuata kila mtu akajaza viriba, na masika yakapita miche ingali kivulini. Mche uliobebeshwa haungoji mnunuzi: mizizi hujikunja ndani ya kiriba, na thamani yake hushuka.

Ndipo tulipoanza kuzitazama sensa. Katika Mkoa wa Dar es Salaam, sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090. Ya mwaka 2012 watu 4,364,541. Na ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Nyumba ziliongezeka, na nyua za kupandwa mche mmoja au miwili ziliongezeka pamoja nazo.

Hata hivyo, hesabu hizo nusura zitupoteze. Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049 mwaka 2012, na watu 982,328 mwaka 2022. Baadhi yetu tulidhani kwamba watu wamehama na soko limekufa. Kumbe kilichohama ni mpaka! Katikati ya sensa hizo mbili Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Ukijumlisha Kinondoni na Ubungo za mwaka 2022 wapata watu 2,069,240. Tangu hapo twasema: asiyeuliza mpaka asisome idadi.

Somo la pili tulilipata katika sensa za kilimo. Hizo huhesabu mashamba na miti iliyokwisha kupandwa, nazo zatukumbusha kwamba nchi ya machungwa ni Mkoa wa Tanga, ambako jina la Muheza lajulikana kwa kila mchuuzi. Lakini sisi wenye vitalu tu wapi? Katika sensa ya mwaka 2002/03, kaya iliitwa ya wakulima ikiwa na ardhi ya kulima isiyopungua mita 25 za mraba, au ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo au nguruwe watano, au kuku, bata au bata mzinga 50. Basi mwenye kitalu cha mita 4 kwa 5 kando ya barabara, asiye na shamba wala mifugo, hakuwa mkulima katika hesabu ile. Na huenda kitalu chake kilikuwa na miche 1,000, ambayo ikipandwa kwa nafasi ya mita 6 kwa 6 hujaza ekari karibu 9!

Hatusemi kwamba wahesabuji walikosea. Kila hesabu ina kipimo chake, na kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya viriba. Lakini asiyeonekana katika hesabu ni vigumu kukumbukwa ardhi inapogawanywa. Kwa hiyo hatuna budi kujihesabu wenyewe: mbegu za milimau zilizooteshwa, miche iliyobebeshwa, iliyokufa, iliyouzwa na ilikopelekwa; na zaidi ya yote, mti mama uliotoa vikonyo.

Jambo hili la mti mama si dogo. Katika jimbo la Florida, Marekani, msimu wa 2003/04 yalivunwa masanduku ya machungwa yapatayo milioni 242. Mwaka 2005 ulionekana huko ugonjwa wa kugeuza majani kuwa manjano, unaoenezwa na mdudu mdogo na pia kwa vikonyo vya mti mgonjwa. Kwa ugonjwa huo na kwa vimbunga, msimu wa 2022/23 mavuno hayakufika masanduku milioni 16. Ugonjwa wa namna hiyo uko Tanzania pia. Kitalu kisichojua asili ya vikonyo vyake chaweza kumwuzia mkulima maradhi, naye asitambue mpaka miaka imepita.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya taifa yatuonyesha miti ya jana. Daftari la kitalu laonyesha mashamba ya miaka minne ijayo. Kila mwanachama na ajaze lake kwa uaminifu, ili watakaoandika habari za miaka 20 ya Chama wasilazimike kukisia kama tulivyokisia sisi.